Nashusha pH usiku, asubuhi iko pale pale: maji ya Mombasa yana nini?

#1 Dogo_Tudor
Wakuu, salamu. Nina tangi la samaki la futi mbili, la maji yasiyo ya chumvi, nakaa Tudor. Ndani mna samaki aina ya neon, gapi wachache na mmea mmoja niliouziwa kwa sifa kwamba haufi hata ukiusahau. Muuzaji aliniambia neon wanataka pH ya 6.5 (kipimo cha asidi ya maji: namba ikishuka, asidi imezidi), nikanunua chupa ya matone ya kupimia. Rangi ikatoka bluu, 7.6. Nikatia siki nyeupe, kijiko baada ya kijiko, mpaka ikageuka manjano yenye kijani kidogo, kama 6.4 hivi. Asubuhi napima: bluu. Natia tena, inashuka. Kukicha, bluu. Neon wanakufa mmoja mmoja, na maji yameingia ukungu mweupe kama tui la pili. Chini nimeweka changarawe ya pwani ya Nyali na vipande viwili vya matumbawe, vyote nilivichemsha kwanza. Pampu ya hewa inakwenda usiku kucha. Shida iko wapi: maji, chupa ya kupimia, au siki?

#2 ShemejiWaLikoni
Samaki, siki... bado kitunguu na pilipili. Unafuga au unapika?

#3 Mama_Gapi
Mwanangu, mchawi umemlaza mwenyewe chini ya tangi. Tumbawe ni kalsiamu kabonati, jiwe lile lile linalochomwa likawa chokaa. Toa kipande kimoja, kikaushe, kidondoshee hiyo siki yako. Kikitoa vipovu, ujue kinakula asidi yako kila usiku. Na changarawe ya pwani usiiamini kwa weupe wake. Ichote kiganjani uiangalie karibu na dirisha: utaona vipande vya makombe na kauri vilivyosagwa na mawimbi. Kuchemsha kunaua vijidudu, chokaa hakuigusi.

#4 FundiVioo
Namuunga mkono Mama. Natengeneza matangi, na wateja wangu wengi wananunua kioo kwa pesa kisha mapambo wanaokota bure ufuoni. Baada ya hapo kioo kikiota ukoko mweupe pembeni, lawama kwa fundi. Weka kokoto za mtoni, au jiwe lolote ambalo halitoi povu kwa siki. Halafu, kijana, bahari hapo mbele ya Nyali ni hifadhi. Askari wa wanyamapori akikukuta na matumbawe mfukoni, pH itakuwa shida ndogo.

#5 Mwalimu_Kemia
Mama_Gapi kasema kweli kuhusu jiwe, lakini jiwe peke yake halirudishi pH kwa usiku mmoja. Linayeyuka polepole mno, na maji yakishapita 8 kidogo linakaribia kuacha kabisa.

Mnachosahau ni KH, yaani ugumu wa kabonati. pH inakwambia maji yana asidi kiasi gani sasa hivi. KH inakwambia maji yana akiba kiasi gani ya kuipinga asidi utakayotia. Akiba hiyo ni bikabonati. Ukimimina siki, bikabonati inaikamata na kuigeuza maji na kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo, ikiwa bado imo ndani ya maji, ndiyo inayokuonyesha rangi ya manjano. Sasa pampu yako ya hewa inachapa vipovu usiku mzima, gesi inatoka, na pH inarudi ilikokuwa. Hakuna aliyekuibia.

La pili ni huo ukungu. Siki ni asidi asetiki, na asetiki ni chakula cha bakteria. Umewaandalia karamu. Wanazaliana mpaka maji yanakuwa meupe, wanatumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na wakishaimaliza asetiki ile bikabonati uliyokuwa umeizima inarudi tena majini. Kwa hiyo hata bila pampu ungeishia pale pale. Ndimu vivyo hivyo, kabla hamjaipendekeza.

La tatu: hatua moja ya pH ni mara 10. Kutoka 7.6 hadi 6.4 ni badiliko la kama mara 16 kwa jioni moja, halafu unawarudisha usiku huo huo. Hao neon hawajafa kwa sababu ya 7.6. Wamefia njiani.

#6 Kungu_Mbivu
Mwalimu umeandika vizuri ila mwanafunzi kashasinzia. Nitarudi na dawa ya miti.

#7 Mzee_wa_Kisima
Nyote mnazunguka mbuyu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya tumbawe. Nyumba za Mji wa Kale ni tumbawe na chokaa, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, imesimama juu ya tumbawe na kuta zake ni tumbawe. Kule Bamburi jiwe hilo hilo ndilo linalopikwa likawa simenti. Mvua ikinyesha inapita humo humo ndipo ifike kisimani. Mimi niko Kisauni, kisima changu birika likichemka siku chache linaota magaga meupe ndani, unayabandua kwa kisu. Maji ya namna hiyo utayashusha kwa siki ya dukani?

Mimi nafuga samaki wa Ziwa Malawi. Ziwa lile pH yake ni 7.7 mpaka 8.6. Maji yangu wanayaona ya kwao. Wanataga, wanalea, wanapigana. Sijatia dawa yoyote.

#8 Dogo_Tudor
Shikamoo mzee. Lakini mimi situmii kisima. Maji yangu ni ya mfereji, yakitoka yanapandishwa kwenye tangi la juu ya paa.

#9 BintiKuze
Mzee shikamoo, hapo nakupinga kidogo. Maji ya mfereji ya Mombasa hayatoki kisiwani. Kuna ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yanakuja kwa bomba la kama kilomita 220. Hayo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na mwamba wa volkano, tumbawe halipo huko. Kuna ya Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki. Kuna ya Marere, Shimba Hills. Na kuna ya Tiwi, visima vya pwani ya kusini. Huwezi kuyaita yote maji ya tumbawe. Na Dogo, huenda maji yako ya wiki hii siyo ya wiki iliyopita. Kwetu Kuze kuna siku sabuni inatoa povu upesi na kuna siku unasugua mpaka unachoka.

#10 Mzee_wa_Kisima
Marahaba. Mfereji uko sawa, binti, lakini wangapi wanaupata? Ukikauka unaita mkokoteni. Mwenye mkokoteni akikwambia madumu yake ni ya mfereji, onja kwanza. Mara nyingi ulimi utakwambia ni kisima cha nani.

#11 Nai_Tetra
Habari za pwani. Mimi niko Nairobi na shida yangu ni kinyume. Maji yetu ya bwawa la Ndakaini ni laini, KH yake ni ndogo sana. Tangi langu lina umri sasa, na pH inashuka yenyewe mpaka chini ya 6. Sijatia siki wala chochote. Nyinyi mnalia inapanda, mimi nalia inaanguka.

#12 Mwalimu_Kemia
Nai_Tetra, ni bakteria wa chujio. Wanapogeuza amonia, sumu ya kinyesi cha samaki, kuwa naitriti kisha naitreti wanazalisha asidi, na asidi hiyo inakula KH kila siku. Maji magumu yanastahimili, yako hayana akiba. KH ikifika sifuri pH inaporomoka ghafla, na chini ya 6 bakteria wenyewe wanazembea, amonia inaanza kujikusanya. Usiipandishe kwa mkupuo. Badilisha maji kidogo kidogo, na weka mfuko mdogo wa makombe yaliyosagwa ndani ya chujio. Yanayeyuka zaidi maji yanapokuwa na asidi, yakitosheka yanapunguza yenyewe.

#13 ShemejiWaLikoni
Kumbe biashara hii! Mimi napakia gunia la matumbawe kwenye treni ya asubuhi, Nai_Tetra ananipokea na chai. Uchafu wa Dogo ni dawa ya Nairobi.

#14 FundiVioo
Shemeji, matumbawe yaache baharini. Makombe ya kusaga yanauzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, wanalishwa kuku wa mayai. Nairobi yamejaa.

#15 ShemejiWaLikoni
Au atie magadi tu, kama ya kulainishia maharagwe.

#16 Mwalimu_Kemia
Hapana, hapana. Magadi ya Ziwa Magadi yana sodiamu kabonati, yanaweza kuirusha pH juu mno. Akitaka unga wa jikoni ni bekingi soda, hiyo ni bikabonati na haisukumi sana kupita 8 na kitu. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 50 kinaongeza KH kama digrii 3 au 4. Akoroge kwenye bakuli kwanza na agawanye kwa siku kadhaa.

#17 Kungu_Mbivu
Nimerudi. Dogo, achana na siki, tafuta majani ya mti wa mkungu. Yamejaa chini ya miti mjini humu, bure, na hakuna askari wa kukukamata. Chukua yaliyoanguka yenyewe, makavu, yenye rangi ya kahawia. Usichukue ya kando ya barabara yenye moshi. Yaoshe, yaloweke kwa maji moto, tia jani moja au mawili. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Ile tanini, yaani ukakasi wa majani, inashusha pH taratibu, na samaki wa Amazoni kama neon kwao ndiyo maji yalivyo. Asia wafugaji wa samaki wapiganaji wanayatumia kila siku.

#18 Mwalimu_Kemia
Majani mazuri, sababu siyo. Asidi ya tanini ni hafifu. Kwenye maji laini ya Nai_Tetra utaiona pH ikishuka. Kwenye maji magumu jani litabadilisha rangi, namba itabaki ile ile.

#19 Kungu_Mbivu
Mwalimu, mimi niko Majengo na maji yangu ni ya kisima kama ya Mzee. Ni kweli namba haikusogea. Lakini samaki wangu mpiganaji alikuwa amejikunja pembeni, mapezi yamenata, na baada ya majani akafunguka. Sasa niamini kipimo au niamini samaki?

#20 Mama_Gapi
Samaki. Tanini inaweza kusaidia dhidi ya kuvu wa mapezi hata kama pH haikusogea. Hapo nyote wawili mna haki.

#21 Raha_Tanga
Nawasalimu kutoka Tanga. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Dogo, hiyo chupa ya matone, rangi ya mwisho kwenye kadi yake ni ngapi?

#22 Dogo_Tudor
7.6, bluu.

#23 Raha_Tanga
Basi hujawahi kupima maji yako, kaka. Chupa ya kawaida inaishia 7.6. Maji yakiwa 7.6 ni bluu, yakiwa 8.4 ni bluu, ukitia maji ya sabuni ni bluu. Unahitaji chupa ya kiwango cha juu, ile inayoanzia 7.4 mpaka 8.8, rangi zake za dhahabu kwenda zambarau. Na vile vijiti vya karatasi usivinunue kwa hali ya hewa ya pwani. Unyevu unavimaliza ndani ya kopo kabla hujavitumia.

#24 BintiKuze
Ahsante Raha. Hii ndiyo hoja bora mpaka sasa.

#25 Dogo_Tudor
Binamu yangu ana kalamu ya umeme ya kupimia pH. Nimeiazima. Tangi: 8.3. Nimeshtuka.

#26 Mwalimu_Kemia
Kama ni 8.3 kwenda 6.4, hesabu yangu ya #5 inabadilika. Siyo mara 16 tena, ni karibu mara 80. Masikini neon.

#27 FundiVioo
Kabla hamjalia: kalamu hiyo ilirekebishwa lini? Zinakuja na pakiti za unga, wa 6.86 na wa 4 au 9.18. Unakoroga kwa maji safi, unatumbukiza kalamu, unarekebisha. Na ncha ya kioo haitakiwi kukauka. Nyingi ninazoziona zimekaa kabatini kavu, mwenyewe anasoma namba kwa imani.

#28 Dogo_Tudor
Binamu anasema pakiti zilikuja na kalamu ila hajui ziko wapi.

#29 ShemejiWaLikoni
Kwa hiyo 8.3 ni ya maji au ni ya kabati?

#30 Mama_Gapi
Mnahangaika na namba moja huku muuaji anapita. Tangi lina umri gani? Kama ni jipya, chujio bado halina bakteria, na amonia ya kinyesi cha samaki imejaa humo. Kwenye pH ya chini amonia nyingi inakuwa katika umbo lisilodhuru sana. Kwenye pH ya juu inageuka sumu. Dogo, jioni unashusha, samaki wanapumua. Usiku inapanda, sumu inaamka. Asubuhi unaokota maiti. pH na amonia wanafanya kazi pamoja.

Na siki ikiua bakteria wa chujio pia, utakuwa umejifungia mlango.

#31 Mwalimu_Kemia
Hili la Mama ni zito. Niongeze takwimu: kwa nyuzi 28, ambazo kwa Mombasa ni kawaida hata bila hita, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8 ni kama asilimia 6 na nusu. Kwa 8.2 ni asilimia 10. Amonia haijaongezeka, imebadilika umbo tu. Lakini bila kipimo cha amonia hii nayo ni dhana.

#32 Dogo_Tudor
Tangi nililianzisha baada ya Idi. Kipimo cha amonia sina.

#33 BintiKuze
Na dirisha? Tangi likipigwa na jua, mimea na mwani vinakula kaboni dayoksaidi mchana na pH inapanda, usiku inashuka. Anayepima saa kumi jioni na anayepima alfajiri hawapimi maji yale yale.

#34 FundiVioo
Binti, ana mmea mmoja! Na kwake inapanda usiku, kinyume cha unavyosema.

#35 BintiKuze
Mwani wa kijani kwenye kioo nao unahesabika, fundi. Sijasema ndiyo sababu pekee.

#36 Nai_Tetra
Dogo, suluhisho la kweli ni kupunguza KH, siyo pH. Changanya maji ya mfereji na maji yasiyo na madini. Maji ya mvua KH yake ni karibu sifuri. Nusu kwa nusu, KH inakuwa nusu. Ndipo majani ya Kungu nayo yatafanya kazi.

#37 Mzee_wa_Kisima
Mvua ya masika ndiyo wakati wake, lakini ya kwanza iache ipite. Inaosha mabati, vumbi na mavi ya kunguru, na kunguru wa Mombasa mnawajua. Kinga baada ya paa kutakata. Ukiwa karibu na bahari kuna chumvi ya upepo pia.

#38 ShemejiWaLikoni
Mimi nina wazo na siyo utani. Kiyoyozi cha ofisini kinatoa ndoo nzima ya maji kwa siku. Hayo si maji safi kabisa?

#39 Mwalimu_Kemia
Ni laini kweli, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi la ofisi nzima. Shaba kidogo tu inaua kamba na konokono wa tangi, na kwenye maji laini inawadhuru samaki zaidi. Siwezi kumshauri mtu.

#40 Kungu_Mbivu
Shemeji aliposema siyo utani ndipo tulipocheka.

#41 Raha_Tanga
Yale maduka ya kujaza mitungi ya maji ya kunywa, yenye mashine ya kuondoa chumvi na madini, ni rahisi zaidi. Ila uliza: mengine yanachuja na kuua vijidudu tu bila kuondoa madini. Pima KH kabla ya kuamini. Na usijaze tangi zima kwa maji hayo, utajikuta na shida ya Nai_Tetra.

#42 Mama_Gapi
Mimi nauliza kwa nini tunateseka. Gapi, moli, plati, wote wanapenda maji magumu. Kwangu gapi wanazaa mpaka nagawa kwa majirani. Neon wa madukani siku hizi wengi wamezaliwa kwenye mabwawa ya Asia, wanaishi hata 7.5 wakizoeshwa polepole. Ukitaka wazae, hapo ndipo utahitaji maji laini kweli. Dogo anataka wazae?

#43 Dogo_Tudor
Nataka wasife tu, mama.

#44 Mzee_wa_Kisima
Kama ni uzuri, hapa hapa kwetu kuna samaki wadogo wenye rangi kuliko neon. Kwenye madimbwi ya mvua kule Kikambala wanaishi Nothobranchius, dume ana rangi utadhani amepakwa. Dimbwi likikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki ndani ya matope makavu yakingoja mvua. Ikinyesha, wanaanguliwa na kukua haraka haraka kabla jua halijarudi.

#45 Raha_Tanga
Na sisi tunao wa kwetu, Mzee. Lakini msiwafundishe watu kwenda na ndoo. Madimbwi yenyewe yanajengwa nyumba.

#46 Mzee_wa_Kisima
Sijasema ndoo. Nimesema wakaangalie.

#47 Mwalimu_Kemia
Turudi kwenye mada. Dogo, fanya jaribio. Glasi mbili. Moja maji ya mfereji peke yake, ya pili maji hayo hayo na changarawe yako ndani. Pima yanapotoka tu, pima tena kesho yake. Maji yakitoka bombani mara nyingi yamebeba kaboni dayoksaidi, hivyo pH inasoma chini. Yakikaa wazi gesi inatoka na pH inapanda bila jiwe lolote. Glasi ya kwanza ikipanda, jiwe limeachiwa huru.

#48 Mama_Gapi
Jiwe haliachiwi kwa usiku mmoja, Mwalimu, wewe mwenyewe umesema linayeyuka polepole. Jaribio lako linanionea.

#49 Dogo_Tudor
Matokeo. Mfereji yanapotoka: 7.4. Leo, glasi bila changarawe: 8.2. Glasi yenye changarawe: 8.3.

#50 Mwalimu_Kemia
Nadhani yanajieleza.

#51 FundiVioo
Hayajielezi. "Mfereji" wake unapita kwenye tangi la juu, amesema #8. Dogo, tangi hilo ni la plastiki au la simenti?

#52 Dogo_Tudor
Simenti. Mwenye nyumba alilipiga plasta mpya ndani kabla ya Ramadhani, lilikuwa linavuja.

#53 FundiVioo
Haya! Plasta mpya inatoa chokaa majini kwa wiki nyingi. Ndiyo maana bwawa jipya la samaki linajazwa na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutia hata kifaranga kimoja.

#54 BintiKuze
Lakini kama ni plasta, maji yangetoka bombani yakiwa juu tayari. Yametoka 7.4 ndipo yakapanda. Mwalimu yuko sahihi.

#55 FundiVioo
Inategemea yalikaa juu kwa muda gani. Yakipandishwa asubuhi na akayachota asubuhi hiyo hiyo, hayajaonja plasta. Achote ya siku ya tatu tuone.

#56 Raha_Tanga
Ngoja. Dogo, hiyo 7.4 umeipima kwa nini, na 8.2 kwa nini?

#57 Dogo_Tudor
7.4 kwa chupa ya matone, maana binamu alikuwa na kalamu. 8.2 na 8.3 kwa kalamu.

#58 Raha_Tanga
Wallahi.

#59 Kungu_Mbivu
Wapima ni wawili, maji mamoja, kesi tano.

#60 Mwalimu_Kemia
Bado chupa ilisoma 7.4 na siyo bluu ya mwisho, kwa hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wake. Silitupi jaribio lote. Ila lirudiwe, kwa kipimo kimoja.

#61 Mama_Gapi
Na wakati mnarudia, Dogo acha siki leo hii, badilisha maji robo, punguza chakula. Hayo hayahitaji kalamu.

#62 Dogo_Tudor
Nimeacha siki. Robo nitabadilisha jioni, maji nimeyachota yamekaa kwenye ndoo tangu jana klorini itoke. Ila sasa stima imepotea mtaa mzima, pampu imezima.

#63 Mwalimu_Kemia
Usibadilishe bado! Bila vipovu gesi itabaki majini. Pima sasa hivi, na upime tena stima ikirudi. Kama ni kaboni dayoksaidi tutaiona. Mara zote mbili, kwa kalamu peke yake.

#64 Mama_Gapi
Mwalimu, samaki hawana hewa na wewe unataka namba. Dogo, chukua kikombe, chota maji juu uyamwage humo humo kutoka juu, mara kwa mara, mpaka stima irudi.

#65 Dogo_Tudor
Namwaga kwa kikombe. Kalamu binamu amekuja kuichukua.